Hatua za Mama

Korongo la kwetu Nyakach halina rula.
Mama pia hana. Ana miguu,
na kila mvua ikikatika huvaa gambuti za marehemu
akaenda kupima alichobakishiwa.

"Masika, hatua tano. Vuli, mbili,"
husema, akikung'uta tope kizingitini,
kama mtu anayesoma risiti ya duka.

Mimi nina daftari la miraba na swali la Mwalimu Obura:
Eleza kasi ya mmomonyoko mahali unapoishi.
Tumia vizio sahihi. Onyesha njia.
Hatua si kizio, alituambia;
hatua ni ya mtu, mita ni ya dunia.
Basi nikamwomba mama atembee sakafuni,
nikachora chaki, kisigino hadi kisigino:
sentimita sabini.
Hakuuliza kwa nini. Alikuwa amebeba sufuria.

Saba mara sabini, mia nne na tisini.
Gawa kwa mia: mita nne nukta tisa kwa mwaka.
Nikazigeuza milimita, mwaka nikauvunja saa,
elfu nane, mia saba na sitini,
nikapata zaidi kidogo ya nusu milimita kila saa.
Unene wa ukucha.
Nikalala na ukucha huo.
Saa nne, ukucha. Saa tano, ukucha.
Mbwa wa kina Abuto akabweka: ukucha.

Asubuhi mama alicheka.
"Korongo halili kwa saa.
Januari yote hulala likipiga miayo ya vumbi,
halafu usiku mmoja wa Aprili
linameza choo cha Dorsila pamoja na mlango."
Nilitaka kumweleza habari ya wastani.
Choo cha Dorsila hakikuwa na wastani.

Nikajaribu lugha yake, ile ya soko la Katito:
upana mita nne, kina mita tatu,
mara zile nne nukta tisa;
mita moja ya ujazo ni lita elfu,
gorogoro ni lita mbili.
"Mama, kila mwaka linabeba udongo
gorogoro elfu ishirini na tisa na mia nne."
Akaacha kupepeta.
"Na hakuna aliyelipa," akasema.

Kutoka ukingoni hadi jikoni:
mita arobaini na nne nukta moja.
Nikagawa, jibu nikalipigia mistari miwili.
"Tisa," mama akasema, kabla sijageuza daftari.
Hatua sitini na tatu, kwa saba.
Hatua juu, hatua chini, zilikatana zenyewe.
Sentimita zangu zilikwenda safari ndefu
zikarudi nyumbani mikono mitupu.

Kisha tukanyamaza,
maana sote wawili tuliijua hesabu iliyofuata.
Baba yuko karibu zaidi na ukingo.
Hatua ishirini na moja.
Na kaburi halifunguliwi asubuhi likapelekwa kwingine
kama ng'ombe.
Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa;
hakuna aliyeniambia kwamba hukimwaga pia.

Mama akaichukua kalamu,
akaishika kama mwiko.
"Seme tupande mkonge, safu tatu,
tuzibe njia ya maji kwa mawe.
Badala ya hatua saba, lile tatu."
Nikagawa.
"Saba. Miaka saba, mama."
Saba ileile, imehamia upande wetu.
"Andika hiyo."
"Mwalimu atataka ushahidi."
"Mwambie aje mwakani. Na gambuti zake."

Jumamosi tuliteremka na vichipukizi mia mbili,
mimi nikipima nafasi kwa rula, yeye kwa mguu.
Mvua ilianza
kabla safu ya pili haijaisha.